Msimu wa kulungu unakaribia: blanketi la kanga na nyama iliyobaki kwenye friza, naomba ushauri

MamaSikudhani

Habari zenu wapendwa, na wakubwa shikamooni.

Niko Wisconsin, upande wa kaskazini. Wenzangu mnaoishi huku mnajua kinachokuja: Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani unafunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, siku tisa mfululizo, na mji wetu mdogo unahamia msituni. Karakana anakofanya kazi mume wangu nusu ya mafundi wanaomba likizo wiki hiyo hiyo. Yeye alifundishwa na mzee jirani yetu, akasoma darasa la usalama, akakata leseni, na sasa analala kambini na wenzake kama aliyezaliwa nayo. Mimi nabaki na watoto. Tangu saa ziliporudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba, giza linaingia saa kumi na nusu jioni.

Sijaja kulalamika. Hizi siku nazipenda sana. Meza ya kulia inageuka meza ya kushonea kuanzia asubuhi mpaka tunapolala, na hakuna wa kuniambia niondoe cherehani. Sufuria inatokota taratibu, madirisha yanaingia ukungu wa mvuke, watoto wanakata makaratasi chini ya meza. Nataka mwaka huu nizitumie kwa kazi moja kubwa, ndiyo maana naulizia mapema.

Kazi yenyewe: nina sanduku la kanga za mama yangu, Mungu amrehemu. Nyingine alizivaa mpaka mji, ile sehemu ya katikati, ukachakaa, ukiinyoosha mbele ya taa unaona mwanga unapita, lakini pindo bado ziko imara. Kuna kisutu chake cha harusi, chekundu, cheusi na cheupe. Kuna moja ya korosho, rangi ya machungwa, imeandikwa WEMA HAUOZI. Sitaki zikae sandukuni zikiliwa na nondo. Nataka nizikate nishone blanketi moja la viraka, kubwa la kitanda, wajukuu zake walilalie. Nashona vizuri magauni na mapazia, blanketi la tabaka tatu sijawahi. Maswali yangu: nyekundu ya kisutu haitachuja ikaharibu nyeupe? Katikati niweke nini? Na yale majina ya kanga niyakate yaingie kwenye viraka, au niyaache mazima?

La pili ni jikoni. Friza bado ina mabega mawili ya kulungu wa mwaka jana, shingo nzima na mifuko ya nyama ya kusaga, na wengine wako njiani. Sarara mume wangu anaikaanga mwenyewe na inaliwa papo hapo. Hizi nyingine nikizipika mchuzi zinatoka kavu, na kuna harufu fulani inabaki mdomoni. Watoto wanakula, lakini wageni wetu wa nyumbani wanaonja kwa adabu tu, halafu wanarudi kwenye kachumbari. Nataka pilau ya kulungu ambayo mtu ataomba aongezewe.

---

FundiBandi

Dada MamaSikudhani, pole kwa mama na hongera kwa wazo. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona mablanketi ya kanga kwa watu kadhaa, kwa hiyo nitajibu hilo tu. Ya nyama wapo wajuzi.

Kuchuja: kabla hujakata chochote, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kisugue pembeni ya kila kanga, hasa kisutu. Kikitoka na wekundu, hiyo kanga ifuliwe peke yake kwa maji baridi, irudiwe mpaka maji yawe meupe. Watu watakuambia uloweke kwenye chumvi. Chumvi haishikishi rangi iliyokwisha kupakwa, utapoteza chumvi yako bure. Kanga ambayo mama aliivaa miaka mingi inawezekana ilishatoa yote ya kutoa. Za kuogopa ni mpya, kwa hiyo kama utachanganya na za dukani, hizo zifue kwanza kwa maji ya moto zitoe wanga na zisinyae kabla hujazipima.

Angalia pia kama zote ni pamba. Siku hizi kanga nyingi zina polista ndani. Chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba inaacha jivu laini linalopeperuka, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukizichanganya kwenye blanketi moja si dhambi, ila pasi ya pamba ikipita juu ya polista itakunja kila kitu.

Sasa yale maeneo unayosema mwanga unapita. Usiyashone yalivyo. Yatachanika kwenye mshono, na hiyo ndiyo sehemu inayouma, kwa sababu blanketi litakuwa limeshakamilika. Bandika nyuma yake kitambaa chembamba cha gundi, kile cha kupigwa pasi ambacho tunaweka kwenye kola, ndipo ukate. Na mshono wa viraka vya kawaida ni robo inchi, lakini kwa kanga zilizochoka acha nusu inchi.

Katikati weka pamba, tena nyembamba. Pamba nene ya polista inapendeza dukani, lakini kanga ni laini, itavimba na mapambo yatapotea. Nyuma, kwa bitana, shuka la pamba lililotumika linatosha. Tandaza bitana sakafuni ulibandike kwa utepe pembe zote likaze, juu yake pamba, juu kabisa viraka vyako. Halafu piga bandi, yaani mshono mrefu wa muda, kwa mkono kutoka katikati kwenda nje, mistari isipishane zaidi ya kiganja. Usikimbilie cherehani kabla ya bandi. Tabaka tatu zikitembea chini ya cherehani huwezi kuzirudisha. Kustubani kidoleni, uzi wa rangi tofauti ili uutoe kirahisi baadaye.

Majina: usiyakate. Naomba sana. Kanga ikiondolewa jina lake imebaki kitambaa cha maua. Likate kama ukanda mmoja mrefu pamoja na kipande cha mji kilicho juu yake, na uzipange kanda hizo ziwe mistari inayopita upana wa blanketi, na viraka vijae katikati yake. Pindo zilizo imara ndizo zitakuwa upindo wa nje kuzunguka blanketi zima, maana hapo ndipo mikono inapovuta.

---

KakaWaDuluth

Shemeji, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Sisi Minnesota bunduki zinafunguliwa mapema Novemba, kwa hiyo huku tayari tunanuka moshi.

Harufu unayoisema, tisa kwa kumi ni mafuta na utando. Kulungu si ng'ombe. Mafuta ya ng'ombe ndiyo utamu, ya kulungu yanaganda mdomoni kama nta na ndiyo yanayobeba harufu. Ondoa yote. Kisha kuna utando mweupe unaong'aa, uliofunika misuli ya bega na paja. Chomeka ncha ya kisu chembamba chini yake, shika ncha ya utando kwa vidole vya mkono wa kushoto, geuza makali yaelekee juu kidogo, uteleze. Unatoka mrefu kama utepe. Mtu akikupa bega lenye utando wake akakuambia umpikie, kazi bado hajaimaliza. Mwambie shemeji afanye hivyo kambini au akifika, kabla ya friza, maana mafuta ya kulungu yanaharibika ladha hata yakiwa yameganda.

Sehemu nyingine ya harufu inaanzia msituni. Mnyama apasuliwe na kutolewa matumbo haraka, apoe haraka. Novemba huku baridi inasaidia, lakini kuna miaka inakuja joto, na kulungu aliyening'inizwa kutwa kwenye jua la mchana hakuna bizari itakayomtibu.

Mawili zaidi, haya ni ya afya na nayasema bila kuzunguka kwa sababu una watoto.

Kwanza, Wisconsin ina ule ugonjwa wa kulungu wa kudhoofika, unaokula ubongo. Umethibitishwa kwenye jimbo lenu tangu 2002. Mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa akiwa nao. Kuchemsha hakuuui, kugandisha hakuuui. Haijathibitika kwamba umewahi kumpata mtu, lakini ushauri wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ni kwamba kulungu wa maeneo hayo apimwe kabla ya kuliwa, na akikutwa nao asiliwe. Idara ya maliasili ya jimbo inawapimia wawindaji bure, na kuna maboksi ya kuachia vichwa sehemu nyingi. Sisi tunaandika namba ya kipimo kwenye kila mfuko wa nyama kwa kalamu ya wino usiofutika, na nyama inakaa chini ya friza mpaka majibu yarudi.

Pili, risasi. Zile za madini ya risasi zikigonga mfupa zinapasuka vipande ambavyo macho hayavioni, na vinasafiri mbali na jeraha. Nyama ya karibu na jeraha itupwe bila huruma, na isiingie kwenye ya kusaga. Mimi nilihamia za shaba watoto walipoanza kula. Bei iko juu kidogo, nalala vizuri.

Na ukitoka na watoto kutembea karibu na msitu siku hizo tisa, wavae machungwa makali au waridi lile linalowaka. Wote, hata mbwa.

---

MpishiMtwana

KakaWaDuluth kasema kweli kuhusu mafuta. Mimi huongeza kuloweka kwenye maziwa mtindi usiku kucha na thomu. Siki sitaki, inakausha.

---

BibiUkili

Marahaba mwanangu MamaSikudhani.

Mimi ni mtu wa Pemba, nakaa na binti yangu Madison, na mkwe wangu ni mwindaji. Kwa hiyo hao kulungu nimewapika sana katika uzee huu.

Pilau yako iko kwenye shingo. Si bega. Shingo ina mfupa, ina mishipa migumu, na ile mishipa ikipikwa polepole ndiyo inayeyuka ikawa ute, nyama ikapata maji yake bila mafuta. Bega linafuata. Paja ni kavu, lisage au ulikate mishikaki. Kosa ninaloliona kwa vijana ni moto mkubwa. Nyama isiyo na mafuta ikichemka kwa fujo inakaza, unaongeza maji, inazidi kukaza.

Fanya hivi. Ikate shingo vipande na mifupa yake. Ikaange kidogo kidogo kwenye samli, usijaze sufuria, mpaka iwe kahawia kila upande. Itoe. Kwenye mafuta yale yale kaanga vitunguu maji vingi, vingi kuliko unavyodhani, mpaka viwe rangi ya kahawa, huo ndio uso wa pilau. Tangawizi na thomu vilivyotwangwa, bizari nzima, mdalasini wa kijiti, iliki, pilipili manga, karafuu. Karafuu usizidishe, nyama ya porini na karafuu nyingi zinagombana. Rudisha nyama, maji yaipite kidogo, funika, moto mdogo kabisa mpaka nyama iachie mfupa ikiguswa kwa mwiko. Saa tatu, pengine zaidi, kulungu mzee hana haraka. Wenye presha kuka wataifanya kwa muda mfupi zaidi, mimi napenda ile ya taratibu kwa sababu nyumba inanukia. Supu hiyo ndiyo upikie mchele, umeipima. Chumvi uiweke sawa kwenye supu kabla mchele haujaingia.

Bega lipike mchuzi wa nazi. Lichemshe na tui jepesi mpaka lilainike, tui zito liingie mwisho na moto upunguzwe, koroga mfululizo lisikatike. Nazi inampa kulungu mafuta aliyonyimwa, na ndiyo maana wanapatana. Nazi ya kopo inafaa, ile nzito juu iteke uiweke pembeni iwe tui lako la mwisho.

Mishikaki ya paja, papai bichi lililosagwa na thomu na ndimu, saa moja tu. Usiilaze. Papai linafanya kazi upesi, ukilala nalo asubuhi unakuta uji. Na sarara isiguswe na papai kabisa, haina haja.

Na maboga, kwa kuwa ndio wakati wake. Haya makubwa ya kuchonga sura waachie watoto, nyama yake ina maji na nyuzi. Tafuta madogo mazito, au lile refu lenye shingo, rangi ya ngozi iliyopauka. Lipike kwa nazi, iliki na sukari kidogo, uliweke pembeni ya mchuzi. Wageni watasahau kachumbari.

Kuhusu blanketi, FundiBandi amekupa elimu. Mimi naongeza moja kwa ajili ya bitana. Kwetu ukili tunautia rangi kabla ya kusuka mkeka, na huku nimeona jozi nyeusi, zile kokwa zenye ganda gumu, zinaanguka hovyo chini ya miti Oktoba, watu wanazikanyaga. Maganda yake ya nje, yale ya kijani yanayogeuka meusi, yanatoa rangi ya kahawia iliyokolea na haihitaji dawa ya kushikisha. Chemsha maganda kwenye sufuria kuukuu ambayo haitarudi tena kwenye chakula, chuja, tia shuka la pamba lililolowa, liache humo usiku. Vaa glavu, la sivyo mikono itakuwa kahawia kwa wiki. Ukitaka njano, maganda ya vitunguu hivyo hivyo vya pilau, lakini hapo shuka lichemshwe kwanza na shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi. Shuka la kahawia chini ya kisutu chekundu, mwanangu, nimeshaliona machoni.

---

MamaSikudhani

Jamani. Nimesoma nikasimama nikaenda kufungua friza.

FundiBandi, nimefanya jaribio la kiberiti. Kanga zote za mama ni pamba, jivu tupu. Mbili nilizonunua mwenyewe zimeacha kidonge, hizo nitazitoa. Kisutu kimeacha wekundu kidogo sana kwenye kitambaa cheupe, nimekiloweka peke yake kwenye maji baridi. Na majina sikati, nimekuelewa vizuri. Nimeyapanga sakafuni kama ulivyosema, kanda zinazopita upana, na WEMA HAUOZI nimeiweka juu kabisa, upande wa kichwa.

KakaWaDuluth, nimemuuliza mume wangu kuhusu kipimo. Wa mwaka jana walipimwa wote na majibu anayo kwenye simu, ila hakuandika chochote kwenye mifuko. Mwaka huu kalamu itakaa naye mfukoni. Kuhusu risasi za shaba tumezungumza usiku mzima, amekubali.

Shikamoo tena Bibi. Bega moja limeyeyushwa, nimetoa utando kwa kisu cha samaki na umetoka kama ulivyoelezwa, mrefu bila kukatika. Mafuta yote nimetupa. Limepikwa kwa nazi moto mdogo. Binti yangu wa pili, ambaye nyama humtoa machozi, amepangusa sahani kwa chapati. Jozi nyeusi huku kwetu kaskazini sijaziona, kuna mahali zinapatikana? Na swali la mwisho: mume wangu anataka nyama nyingine iwekwe kwenye chupa, kama wafanyavyo wazee wa huku, ikae kabatini bila friza. Jirani mmoja anachemsha chupa kwenye sufuria ya kawaida kwa saa nyingi na anasema hajawahi kuugua. Nifuate?

---

BibiUkili

Jozi zinapenda kusini, huko kwenu ni baridi mno kwao. Mkwe wangu anakuja kambini upande wenu Ijumaa ya kabla ya ufunguzi. Niandikie pembeni, nitampa mfuko wa maganda makavu, rangi inatoka vile vile.

---

KakaWaDuluth

Shemeji, la chupa usimfuate jirani. Nyama haina uchachu, na maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayapandi joto la kuua mbegu za kijidudu cha botulizi, hata uchemshe kutwa. Humo ndani ya chupa bila hewa ndiko kinakopenda kukua, na huwezi kukiona wala kukinusa. Ni lazima chombo cha presha kile kikubwa cha kuhifadhia, chenye kizito au saa ya kupimia. Kwa nyama ya vipande, chupa za painti (karibu nusu lita) dakika 75, za kwati (karibu lita moja) dakika 90, kwa presha ya pauni 10 kama chombo chako ni cha kizito na mko chini ya futi 1,000. Mkiwa juu zaidi ya hapo, pauni 15. Cha saa, pauni 11 mpaka futi 2,000. Kaskazini kwenu sehemu nyingi zinapita futi 1,000, kwa hiyo angalia mwinuko wa mji wenu kwanza. Na acha inchi moja tupu juu ya nyama kabla ya kifuniko.

Ya kusaga uliyonayo, ukiifanya kababu au katlesi, iive mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kipimajoto cha nyama ni cha bei ndogo, nunua.

---

FundiBandi

Dada, kisutu kikikauka kipige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo, upande wa nyuma, ukivute kwa mikono kirudi mraba. Kanga ya zamani huwa imepinda upande mmoja kwa kufungwa kiunoni. Ukikata ikiwa imepinda, viraka havitakutana kwenye pembe. Ukifika kwenye bandi na ukakwama, weka picha hapa.